Anayetangaza ugonjwa mapema asiadhibiwe

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usemi huu tunautumia kila siku kuwahimiza watu waende kupima. Wakati wa UVIKO-19 ulistahili kuambiwa mataifa, maana waliosema ukweli mapema ndio walioumia.

Novemba 2021, wataalamu wa maabara mkoani Gauteng, Afrika Kusini, waligundua jambo kwenye vipimo vya PCR. Kipimo chao hutafuta jeni tatu za kirusi, lakini sampuli nyingi zilianza kutoa mbili tu. Jeni ya S, inayounda miiba ambayo kirusi hushikia seli, haikuonekana. Ilikuwa rahisi kudhani kipimo ni kibovu. Wao wakapeleka sampuli zikasomwe vinasaba, ikabainika ni aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19. Gaborone, Botswana, timu ya Dkt. Sikhulile Moyo nayo ilikuwa imekutana na kirusi hichohicho. Tarehe 25 Novemba Afrika Kusini ikatangaza hadharani, na kesho yake Shirika la Afya Duniani (WHO) likakipa jina Omicron.

Kilichofuata ni kufungiwa safari. Uingereza ilizuia ndege, nchi za Ulaya zikafuata, kisha Marekani ikazuia wasafiri kutoka nchi 8 za kusini mwa Afrika. Siku chache baadaye Uholanzi ikabaini kuwa Omicron ilikuwamo kwenye sampuli zake za tarehe 19 na 23 Novemba. Mlango ulifungwa mwizi akiwa tayari ndani. Profesa Tulio de Oliveira, mmoja wa wanasayansi wa Afrika Kusini walioisoma Omicron, alionya kwamba hata vitendanishi vya maabara, yaani kemikali za kupimia, ambavyo huletwa kwa ndege, vingeweza kuisha.

Mimi naona hili ndilo kosa kubwa la janga lile, kwa sababu linafundisha woga. Ofisa wa wizara anayepokea majibu ya kutia shaka usiku atakumbuka yaliyowapata wenzake, naye atasita. Kwa kirusi ambacho wagonjwa wake huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu, kusita kwa wiki moja ni maafa.

Rwanda iliona upande mwingine. Ilitangaza mlipuko wa Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, tarehe 27 Septemba 2024. Ilipofika Oktoba 5, chanjo za majaribio kutoka Marekani zilikuwa zimeshatua Kigali, na waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, kwani wengi wa wagonjwa walikuwa wao. Waliugua watu 66, wakafariki 15, ilhali Marburg kwa kawaida huua karibu nusu ya wanaoipata.

Mei 2025 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko wa dunia, ila kanuni za kubadilishana sampuli na chanjo ziliachwa zijadiliwe baadaye. Hapo wajumbe wa Afrika wasilegeze kamba: nchi inayotoa sampuli ihakikishiwe mgao wake wa chanjo kwa maandishi, tena kabla kirusi kingine hakijazuka.