Hapana mzee, hakujifunza kwa gemu

"Daktari, huyo kijana amejifunzia kwenye gemu. Asinishike." Nimeyasikia tena Jumanne hapa Kisumu, safari hii kwa mzee wa Ahero aliyekwisha kutiwa dawa ya kupanua mboni, tayari kwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mwanawe aliona picha ya mwanagenzi wetu akichungulia darubini isiyo na mgonjwa, basi akatangaza nyumbani kote. Nimechoka.

Simuleta ya uhalisia pepe, mashine ya kufanyia mazoezi inayoonyesha jicho lililoundwa na kompyuta, si gemu. Chini ya darubini kuna kichwa cha plastiki chenye jicho, mikononi una vyombo, na kila mguu una pedali yake: mmoja wa darubini, mwingine wa mashine ya kuvunjia lenzi iliyoingia ukungu, ambayo ndiyo mtoto wa jicho. Mkono ukitetemeka, utando wa lenzi unararuka mbele ya macho yako. Nataka uraruke hapo, si kwa mzee. Utando wa nyuma una unene wa takriban mikromita 4, mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Ukiutoboa, ute wa jicho unakuja mbele, na kazi ya dakika chache inakuwa ya jasho. Uingereza, simuleta zilipoenea kati ya 2009 na 2015, kutoboka huko kwa madaktari wa mwaka wa kwanza na wa pili wa mafunzo kulishuka kutoka asilimia 4.2 hadi 2.6. Nani atakukubalia ulirudie duara lilelile la kufungua utando wa mbele wa lenzi mara thelathini kwenye jicho lake? (Wanagenzi, korogeni chai kwa mkono wa kushoto wiki nzima kabla ya kuja kwangu. Nasema kila mwaka, mnacheka.)

Mzee alipasuliwa na kijana yuleyule, mimi kando yake, mikono kifuani.

Eti mashine ndiyo inayopasua? Simuleta haijawahi kumgusa mgonjwa.

Eti ukiifaulu umehitimu? Hili nalisikia kwa wanagenzi wenyewe. Bado utasimamiwa hatua kwa hatua. Tena simuleta nyingi hufundisha kuvunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, na ule upasuaji wa kuitoa lenzi kwa mkono bila mashine, tunaoufanya kwenye kambi za macho, utaufanyia mazoezi kwenye jicho bandia au la mbuzi kutoka kichinjioni.

Na lile la jicho kutolewa, likasafishwa mtoto wa jicho na kurudishwa? Limeshikwa na misuli sita na neva iendayo ubongoni. Ukilitoa, hulirudishi.