Kwa nini nakwambia ugeuke ulale kifudifudi

Hapa Kisumu swali huwa ni lilelile, mgonjwa akiwa tayari kitandani pa mashine: "Daktari, mbona nigeuke tena? Si umeshapiga picha?"

Skani ya CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) ya utumbo mpana hutafuta vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo. Baadhi yake, kwa miaka kama 10 hivi, hugeuka saratani. Tunapitisha kimrija laini kwenye njia ya haja kubwa, tunajaza hewa ya kaboni dioksidi mpaka utumbo utanuke, kisha tunapiga picha ukiwa chali na tena ukiwa kifudifudi. Huchomwi sindano ya usingizi. Tumbo litabana kidogo. Baadaye ukitaka kujamba, jamba, hakuna wa kukucheka.

Sasa, kwenye skrini bonge la choo na kinyama hufanana mno. Ukigeuka, choo huporomokea upande wa pili, lakini kinyama kimeota pale, hakihami. Choo pia mara nyingi huwa na vitobo vya hewa ndani. (Kinyama chenye kikonyo kirefu huyumba, na hicho hunisumbua kweli.)

Mama mmoja aliyeogopa kamera, yaani mrija wenye kamera unaoingizwa utumboni kupitia njia ya haja kubwa, alikuja kwetu akiwa amekula ugali na mrenda usiku wa kuamkia skani. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza. Nilifuata bonge baada ya bonge kwa saa nzima, nikashindwa, nikamwomba arudi. Alikuwa ameuza kuku apate nauli. Bado inaniuma.

Siku hizi naeleza mwenyewe, kwa Kiswahili au Kijaluo: siku nzima kabla ya skani ni chai ya rangi, maji na supu iliyochujwa. Dawa ya kukufanya uharishe ili utumbo usafike uimalize hata ikikuchukiza. Ile nyingine, ya bariamu au iodini, hufanya choo kilichobaki king'ae cheupe kwenye picha.

Kati ya watu 10 wenye kinyama cha milimita 10 au zaidi, skani huwagundua kama 9. Vilivyo bapa ndivyo hutuponyoka. Na skani haikati kitu: tukiona kinyama, lazima kamera ikakitoe. Ndiyo maana anayetokwa na damu chooni namtuma kwa kamera moja kwa moja. Tafadhali msiiite bawasiri kabla ya kupimwa, hata mwenye miaka 35.

Mama alirudi baada ya wiki mbili, utumbo safi. Akageuka. Upande wa kulia, karibu na ini, kitu cha milimita 14 hakikusogea. Nilipomwonyesha kwenye skrini, alikubali kamera.