John Newton hakuacha biashara ya watumwa usiku wa dhoruba

Simulizi hii husikika sana makanisani: nahodha wa meli ya watumwa, John Newton, alipigwa na dhoruba, akaokoka, akawaachia mateka huru, kisha akaandika wimbo wa kanisa “Amazing Grace”. Inagusa moyo, lakini mambo hayakwenda hivyo.

Dhoruba ilikuwa ya kweli. Machi 1748, meli ya Greyhound ilikaribia kuzama katika Atlantiki. Newton alisukuma pampu hadi nguvu zikamwishia, akamlilia Mungu. Ila hakuwa nahodha wake, na meli haikubeba watumwa. Biashara yenyewe aliifanya zaidi baadaye: kati ya 1750 na 1754 aliongoza safari tatu za watumwa akiwa nahodha, huku akisali na kusoma Biblia humo humo melini. Kilichomtoa baharini ni ugonjwa wa ghafla, si dhamiri. Hilo linauma, na halifai kufichwa.

Akafanya kazi ya forodha Liverpool, akawekwa wakfu kuwa kasisi wa Kianglikana mwaka 1764, akahudumu katika mji wa Olney, Uingereza. Wimbo ule aliutunga kwa ibada ya Mwaka Mpya wa 1773, miaka karibu 25 baada ya dhoruba.

Kuukana utumwa hadharani kulimchukua hadi 1788. Katika kijitabu cha mwaka huo alieleza mateka walivyolazwa wamebanana kama vitabu rafuni, akakiri kwamba ungamo lake limechelewa. Baadaye alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza.