Miji ya karatasi ya Maine: ukitaka kuifufua, anza na gogo ambalo hakuna anayelitaka

Mimi kazi yangu ni teknolojia ya mazao ya misitu, na kila nikizungumzia jimbo la Maine kule kaskazini mashariki mwa Marekani swali linakuja lilelile: kiwanda kikubwa kitarudi lini? Naelewa kwa nini watu wanauliza hivyo, manake kiwanda ndo kilikuwa mji wenyewe. Ila mi naona swali linaanzia mwisho. Swali la kwanza ni nani atanunua mti mbaya.

Ngoja nieleze. Ukiingia msituni kuvuna hupati magogo mazuri peke yake. Kuna mti ulionyooka mnene unaoenda somili kupasuliwa mbao, halafu kuna mwembamba, uliopinda, ulioanza kuoza katikati, hata kilele cha ule ule mti mzuri, na huo wote thamani yake ni ndogo lakini ndo mwingi. Na hata lile gogo zuri likifika somili ni kama nusu tu inayotoka kama mbao, kwa sababu gogo ni duara na ubao una pembe, kwa hiyo mabanzi ya pembeni yanakatwakatwa kuwa chenga, kuna unga wa msumeno, kuna magome. Zamani chenga zote hizo na miti yote mibovu ilikuwa inaenda kiwanda cha karatasi kuchemshwa iwe rojo. Somili ilikuwa inalipwa mara mbili, kwa mbao na kwa chenga, na mara nyingi hiyo pesa ya chenga ndo ilikuwa faida yenyewe.

Sasa funga kiwanda cha karatasi uone. Somili inabaki na mlima wa chenga uani, inapunguza kazi, inanunua magogo kwa bei ya chini. Mwenye msitu akiona bei haina maana anaacha kupunguza miti mibovu, msitu unajaa vijiti vinavyogombania mwanga. Mkataji mwenye mashine ya mkopo, na mashine hizo kila moja ni dola laki kadhaa, anakosa wa kumpelekea mzigo wakati benki inataka marejesho kila mwezi. Kiwanda kimoja kimefungwa lakini waliopigwa wametapakaa kwenye vijiji ambavyo havikuwahi hata kuwa na kiwanda.

Na Maine haikufunga kimoja. Millinocket, mji uliochipuka porini baada ya kampuni ya Great Northern Paper kujenga kiwanda chake hapo, karatasi ikaanza kutoka mwaka 1900, walikuwa wanauita mji wa maajabu jinsi ulivyojitokeza haraka. Miaka ya 1970 ulikuwa na watu zaidi ya 7,000, sensa ya 2020 ikakuta kama 4,000 na kidogo. Kampuni ilifilisika 2003, wenye mali wapya wakaingia, kiwanda cha Millinocket kikasimama 2008, cha jirani East Millinocket 2014. Mwisho wa 2014 huohuo Bucksport nako kukafungwa, 2015 Old Town na Lincoln, 2016 Madison. Watu wameacha kusoma magazeti ya karatasi, umeme na mafuta ni ghali, mashine ni za zamani, na kuna viwanda vipya kwingine duniani vinatoa karatasi kwa bei ambayo huwezi kushindana nayo.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha na mi linaniuma. Zamani kampuni ya karatasi ilikuwa na msitu, ilikuwa na mabwawa yake ya umeme mtoni, na ilikuwa na mashine, vyote mkono mmoja. Kuanzia miaka ya 1990 hivi vitu vikaanza kuuzwa kimoja kimoja, misitu ikaenda kwa mifuko ya uwekezaji, mabwawa yakaenda kwa makampuni ya umeme, na kiwanda kikabaki kinanunua kwa bei ya soko vitu ambavyo jana vilikuwa vyake. Kwa hiyo mtu akisema turudishe kiwanda kama kilivyokuwa, mwambie kile kiwanda kilikuwa kinasimama kwa miguu mitatu na miwili ilishauzwa. Mji nao unabaki na shida yake, kwa sababu Marekani shule na barabara za mji zinategemea sana kodi ya majengo, na kiwanda ndo kilikuwa mlipaji mkubwa kuliko wote. Kikiondoka wanaobaki kulipa ni wazee wenye nyumba.

Habari njema ni kwamba msitu upo. Karibu asilimia 90 ya Maine ni msitu, kama hekta milioni 7, na sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi. 2016 serikali kuu ilituma timu ya wataalamu kuangalia hali, na kutokana na kazi ile ukaundwa muungano wa FOR/Maine, ukakutanisha wenye viwanda, wakataji, chuo kikuu, miji na serikali, wakaweka lengo la kukuza sekta kwa asilimia 40 ifikapo 2025. Mi nilichopenda hapo ni kwamba walianza kwa kuuliza msitu unaweza kutoa nini bila kuumia na soko gani linakua, kabla ya kukimbilia kutafuta mwekezaji.

Mfano ninaoupenda ni Madison. Kiwanda kile kilichofungwa 2016 kikachukuliwa na kampuni inayotengeneza vifaa vya kuzuia baridi kwenye kuta za nyumba kwa nyuzi za mti, uzalishaji ukaanza 2023 chini ya jina TimberHP. Unachukua chenga zilezile za somili, unazisaga kwa joto na mvuke hadi ziwe nyuzi, unazikausha. Yaani hatua nyingi zinafanana na za karatasi, kwa hiyo majengo na ujuzi wa watu wa pale havipotei. Soko lake ni nyumba, na nyumba za kule zinahitaji kuzuiwa baridi vibaya mno. Bado ni biashara changa, na bidhaa mpya huchukua muda mafundi kuizoea.

Chuo Kikuu cha Maine nacho 2022 kilionyesha nyumba iliyochapishwa kwa printa kubwa, mali ghafi yake ni nyuzi za mbao na gundi ya mimea. Nzuri kweli, na utafiti huo uendelee. Lakini mtu wa msituni anahesabu tani, na maabara haili tani. Hata mbao za tabaka za kujengea maghorofa, ambazo 2018 zilitangaziwa viwanda viwili, kimoja Millinocket, na hakuna kilichojengwa, zenyewe zinakula mbao nzuri. Chenga zinabaki palepale.

Wanaokula tani bado ni viwanda vya karatasi vilivyobaki, ndo maana naona vinahitaji kulindwa kuliko kitu chochote. Kampuni ya karatasi ya Sappi pale Skowhegan wamewekeza mamia ya milioni za dola kubadilisha mashine itoe karatasi ngumu ya vifungashio, na hiyo ni akili, kwa sababu vifungashio vinahitajika wakati karatasi ya majarida inashuka. Upande wa pili kuna kiwanda cha mji wa Jay: Aprili 2020 tangi kubwa la kuchemshia rojo lililipuka, namshukuru Mungu hakuna aliyekufa, lakini wakataji na somili walikosa mnunuzi mkubwa siku hiyohiyo, na mwaka 2023 kiwanda kikafungwa kabisa. Old Town nako kulifufuliwa 2019, 2023 kukasimama tena.

Utalii je? 2016 ilitangazwa hifadhi mpya ya taifa ya Katahdin Woods and Waters karibu na Millinocket, na wageni wanakuja kupanda mlima. Inasaidia, mi siipingi. Ila ajira zake nyingi ni za msimu na mshahara haukaribii ule wa fundi wa mashine ya karatasi.

Millinocket wenyewe, 2017 shirika la wenyeji liitwalo Our Katahdin lilinunua eneo la kiwanda kwa dola 1, pamoja na deni la kodi la serikali kuu la kama dola milioni 1.4 lililokuwa juu yake, ambalo walilishughulikia. Ardhi ipo mikononi mwa wenyeji, miundombinu ya umeme ipo karibu, na msitu umezunguka pande zote. Kwa hiyo mwekezaji akifika pale na michoro mizuri, mi ningetaka wamuulize kwanza atanunua tani ngapi za mti mbaya kwa mwaka, kwa mkataba wa miaka mingapi, na umeme anaupata kwa bei gani. Akishindwa kujibu la kwanza, wasimpe msamaha wa kodi hata wa mwaka mmoja.