Teroldego, zabibu ya Alps inayopenda tambarare

Wengi wakisikia zabibu ya Alps wanawaza mashamba yaliyoning'inia mlimani, Teroldego haiko hivyo kabisa. Kwao ni bondeni, kwenye kauwanda kadogo kanaitwa Piana Rotaliana, Trentino, kaskazini mwa Italia, pale mto Noce unapoingia Adige, majabali yamesimama pembeni kama ukuta. Noce umemwaga kokoto na changarawe pale kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo maji hayatuami, yanashuka na mizizi inayafuata huko huko chini. Majabali yanashika joto la mchana, halafu alasiri upepo wa Ora unapanda kutoka ziwa Garda unakausha majani, ukungu unakosa pa kukaa.

Mimi natengeneza waini nyekundu, na kwa rangi sijaona zabibu ya kuishinda hii. Rangi iko kwenye ganda bana, na ganda lake limeshiba, siku ya pili tu kwenye tanki juisi ishakuwa zambarau nzito. Ajabu ni kwamba na uzito wote huo haikwaruzi ulimi, tanini, ile inayokausha mdomo, ni laini, asidi ndo inashika usukani, unasikia forosadi iliyoiva na mwishoni kauchungu kama ka lozi.

Sasa kwa nini ilidharauliwa muda mrefu? Watu walikuwa wanapanda miche inayozaa kupita kiasi, vichanja vinaelemewa, waini inatoka majimaji. Hata ilipopewa hadhi ya DOC, ule muhuri wa Italia wa waini ya eneo maalumu, mwaka 1971 shida ilikuwa bado iko shambani. Miaka ya 1980 Elisabetta Foradori, mtengenezaji waini wa huko huko, akaanza kutafuta mizabibu ya zamani, ile yenye vichala vidogo, akaotesha miche kutoka humo na akakubali kuvuna kidogo, na waini yake iitwayo Granato ya mavuno ya 1986 ikaonyesha zabibu hii ilikuwa na nini muda wote. Kwangu hiyo ndo kazi kubwa kuliko pipa lolote la mwaloni la kukomazia waini.

Na ukoo wake mzito! Vipimo vya DNA vimeonyesha ni ndugu wa zabibu ya Dureza, ambaye ndiye baba wa Syrah, ile zabibu nyekundu maarufu, yaani kwa hesabu zetu Teroldego ni baba mdogo wa Syrah, au baba mkubwa. Lagrein, zabibu ya jirani kule Bolzano, ni mtoto wake kabisa.

Ukiipata chupa imeandikwa Teroldego Rotaliano iweke kwenye friji dakika 20 hivi kabla ya kufungua, ikiwa ya moto inapoteza ule uchangamfu, halafu inywe na nyama ya mafuta.