Je, wajua kwa nini gari la mashindano la rimoti huvunja meno ya gia linapotua?

Anayeanza mashindano ya magari ya rimoti hudhani kwamba giaboksi huumizwa na mwendo wa kasi, au na nguvu inayotoka ghafla gari linapoondoka kwenye mstari wa kuanzia. Dhana hiyo ina ukweli kidogo tu. Katika magari ya njia za vumbi ya kipimo cha 1:10, yale yenye urefu wa takriban sentimita 40, pigo baya zaidi hutokea gari linapotua baada ya kuruka tuta huku dereva akiwa bado amebana mafuta, kama tunavyosema hata kwa gari la betri. Magurudumu yaliyokuwa yakizunguka bure hewani hukamatwa na ardhi, na kila kilichounganishwa nayo hulazimika kupunguza mwendo papo hapo.

Tuchukue mota isiyo na brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwa kugusa) ya kipimo cha Kv 4000, ambayo huzunguka mara 4,000 kwa dakika kwa kila volti inayopewa. Kwa betri ya volti 7.4 itakaribia mizunguko 29,600 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Ikiwa pinioni, yaani gia ndogo iliyo kwenye mota, ina meno 20, gia kubwa inayosukumwa nayo ina meno 80, na gia za ndani zinapunguza mwendo tena mara 2.6, basi rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, huzunguka mara 10.4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Hapo ndipo jambo lisilotarajiwa huingia, kwa maana ukinzani wa rota dhidi ya kubadilishwa mwendo, ambao katika fizikia huitwa inesha, hausikiki kwenye gurudumu mara 10.4, bali 10.4 zidisha kwa 10.4, yaani zaidi ya mara 108. Kipande cha sumaku kisichojaza kiganja kinakuwa kama jiwe la kusagia lisilotaka kusimama, na kati yake na ardhi hakuna kitu isipokuwa meno machache ya plastiki.

Ndiyo maana magari ya zamani yalivumilia. Hornet ya kampuni ya Tamiya ya Japani, iliyotoka mwaka 1984, ilitumia mota ya brashi ya aina ya 540 inayozunguka takriban mara 15,000 kwa dakika. Gari hilo lilirudishwa sokoni mwaka 2004, na wapo wanaolifungia mota ya kisasa wakisahau kwamba mwendo wa rota ukiongezeka mara mbili, nishati iliyomo ndani yake huongezeka mara nne hata kama rota ni ileile. Giaboksi haina kosa hapo, kwani imebebeshwa mzigo ambao haikuundiwa.

Hata hivyo, giaboksi nyingi hufa kabla hazijafikia kikomo chake, na chanzo huwa ni mpangilio mbaya wa gia. Mwaka 1892 mhandisi Mmarekani Wilfred Lewis alionyesha kwamba jino la gia linaweza kuhesabiwa kama boriti iliyoshikiliwa upande mmoja, kwa hiyo kadiri nguvu inavyolisukuma karibu na ncha ndivyo linavyopindika zaidi kwenye shina. Pinioni iliyo mbali mno na gia kubwa hugusa ncha tu, na kila mshtuko huja na nyundo yake, kwa sababu meno hupata nafasi ya kurudi nyuma kabla ya kugongana. Ikisogezwa karibu mno, gia husagana, hupata joto, na plastiki hulainika. Mafundi wengi huweka kipande cha karatasi ya kawaida kati ya gia hizo mbili, husukuma mota mpaka karatasi ibanwe, hukaza skrubu, kisha huitoa karatasi. Ni vizuri kulirudia jaribio hilo sehemu kadhaa za mzunguko, kwa kuwa gia za plastiki mara chache huwa duara kamili.

Kipimo cha meno nacho huwaponza watu. Pinioni ya kipimo cha 48, yaani meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo, ina moduli (kipenyo cha gia kugawanywa kwa idadi ya meno) ya takriban milimita 0.53, na ukiioanisha na gia ya moduli 0.6 zitaonekana kushikana vizuri mkononi, kisha zitalana uwanjani. Inafaa pia kuchagua idadi mbili za meno ambazo hakuna namba ileile, zaidi ya 1, inayozigawanya zote. Katika mfano wetu wa 20 na 80, kila jino la pinioni hukutana na meno manne yaleyale maisha yake yote, lakini ukiweka pinioni ya meno 21 litayapitia yote 80, na uchakavu utasambaa.

Kishawishi kikubwa ni kununua gia ya chuma. Binafsi naona hilo ni kuhamisha ugonjwa, kwani gia kubwa ya nailoni ni fyuzi ya bei nafuu, na ukiifanya isivunjike pigo litaingia ndani na kuvunja shafti au difu (gia zinazoyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti), ambazo ni ghali na huchukua jioni nzima kuzibadilisha. Dawa ya mshtuko ni klachi ya kuteleza, yenye pedi na springi inayokazwa kwa nati, ambayo huachia kidogo gari linapotua. Ikiwa imekazwa sawasawa, utaisikia ikiteleza kwa sentimita 30 hadi 60 za mwanzo gari linapoondoka kwenye udongo wa uwanja wenyewe, wala si kwenye sakafu ya nyumbani. Ikilegezwa kupita kiasi, pedi zitachemka na kuyeyusha gia ileile tuliyotaka kuiokoa.

Bushi za plastiki zibadilishwe kwa beringi mapema, kwa kuwa bushi ikilika shafti huyumba na mpangilio wote wa meno huharibika. Skrubu za mota zinazoingia kwenye chuma zipakwe gundi ya skrubu. Grisi ni ya gia za chuma zilizofungiwa ndani, kwani ikipakwa kwenye gia zilizo wazi hushika mchanga na kugeuka msasa.

Kutafuta gia iliyoumia hakuhitaji kufungua kila kitu. Ondoa pinioni kwenye gia kubwa, zungusha magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja mara 10 polepole, na uhesabu mikwaruzo. Ukihesabu 10, tazama gia ya difu. Ukihesabu 26, kwa uwiano ule wa ndani wa 2.6, tatizo liko kwenye shafti ya gia kubwa, na idadi iliyo kati ya hizo huelekeza kwenye gia ya katikati. Usiposikia mkwaruzo wowote, rudisha macho kwenye pinioni na beringi za mota.