Spishi fiche: koa mmoja wa Antaktika na jina linalobeba 59

Fungua kamusi ya Kiswahili utafute neno kaa. Utalikuta zaidi ya mara moja: kaa anayekimbia upandeupande ufukweni, kaa la moto, na kaa la kitenzi, la kukaa kitako. Kwa jicho na kwa sikio ni neno lile lile. Yanayoyatenganisha ni mambo ya ndani ya sentensi: tunasema kaa huyu na kaa hawa, lakini kaa hili na makaa haya. Mtunga kamusi akiyatia yote katika kitomeo kimoja atakuwa amekosea, na kosa lake halitaonekana kwa kutazama herufi tu.

Wanabiolojia wana tatizo hilo hilo, nao huliita spishi fiche. Ni spishi mbili au zaidi ambazo kwa umbo hazitofautishiki, au hutofautishika kwa taabu, hivyo zikabebeshwa jina moja la kisayansi mpaka vinasaba vyake vikachunguzwa. Fiche hapa haimaanishi adimu. Mnyama anaweza kuwa tele miambani, watu wakampiga picha kila msimu, na bado akawa fiche, kwa kuwa kila anayemwona anadhani ni yule mwingine.

Mfano ninaoupenda ni wa koa wa bahari. Asichanganywe na jongoo bahari, yule anayevuliwa pwani yetu, akakaushwa na kuuzwa Uchina. Huyo ni jamaa wa kiti cha pweza. Koa ni ukoo wa konokono, ila gamba lake limepungua au limetoweka kabisa. Wengi tunawajua wale wa matumbawe, wenye rangi kama kanga mpya. Lakini wapo pia kwenye maji yanayokaribia nyuzi 2 chini ya sifuri, ambayo hayagandi kwa sababu ya chumvi.

Mmoja wa hao anaitwa Doris kerguelenensis. Mtazame kwa karibu: mwili mnene wa duara dufu, mweupe au wa manjano iliyofifia, mgongo umejaa vinundu kama ngozi ya mtu aliyesikia baridi. Mbele ana pembe mbili fupi za kunusia. Nyuma mgongoni matamvua yake yamechanua kama ua, na ukimgusa anayarudisha ndani. Hula sponji. Basi. Hana madoa wala mistari ya kumshikia, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger, ilifika visiwa vya Kerguelen mwaka 1874. Visiwa hivyo viko Bahari ya Hindi hii hii yetu, ila kusini mno. Koa waliookotwa huko walimfikia Rudolph Bergh wa Copenhagen, daktari wa magonjwa ya zinaa ambaye muda wake mwingine aliutumia kupasua koa, na mwaka 1884 akachapisha jina. Safari zilizofuata zilileta koa wengine weupe kutoka pande nyingine za Antaktika, na wataalamu wakawapa majina mapya kila walipoona kinundu tofauti kidogo.

Katika orodha ya wataalamu wa koa wa baridi yumo mtu ambaye Wakenya wanamjua kwa jambo jingine kabisa. Sir Charles Eliot, kamishna wa Uingereza Afrika Mashariki kuanzia 1900 hadi 1904, aliyewafungulia walowezi wa Kizungu milango ya nyanda za juu, alikuwa bingwa wa koa. Aliandika kuhusu koa wa Zanzibar na pwani yetu, kisha mwaka 1907 akawapa majina koa walioletwa na msafara wa meli Discovery kutoka Antaktika. Tritoniella belli, kwa mfano, ni jina alilolitoa yeye, na linatumika hadi leo. Sera zake za ardhi zina historia yake. Kwenye koa mkono wake ulikuwa makini.

Wataalamu wa enzi hizo walifanya kazi na maiti. Koa akitiwa kwenye spiriti au formalini hunywea na kupoteza rangi, hubaki kipande cha kijivu kama mpira uliochoka. Kwa hiyo walitegemea viungo vya ndani. Walitoa radula, utepe wa meno madogo unaokwangua chakula, wakahesabu safu zake chini ya darubini. Walifuatilia pia mirija ya uzazi, kazi ya kuchosha kwa sababu koa ni huntha, mwenye viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja. Mwaka 1990 mtaalamu wa Ujerumani, Heike Wägele, alipitia upya vielelezo hivyo na kuona kwamba tofauti zilizotumika kutenga spishi zinaingiliana mno. Majina mengi akayakunja ndani ya jina la Bergh. Kwa ushahidi uliokuwepo, naona alitenda sawa.

Halafu ikaja DNA. Unakata kipande cha mguu wa koa, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichohifadhiwa kwenye alkoholi, kwa sababu formalini huharibu vinasaba. Unasoma jeni moja ya mitokondria, vile vijumba vya nishati ndani ya seli, iitwayo COI, kama herufi 650, na kuilinganisha na ya koa mwenzake. Watafiti walipofanya hivyo, Doris mmoja akaanza kupasuka makundi makundi. Mwaka 2022 timu ya Paige Maroni na Nerida Wilson wa Australia ilipendekeza kwamba jina hilo moja limefunika spishi zipatazo 59.

Kwa nini wawe wengi hivyo? Koa huyu hana mtoto wa kuelea. Wanyama wengi wa bahari hutoa viluwiluwi vinavyobebwa na mikondo hadi mbali. Yeye hutaga utepe wa mayai juu ya mwamba, na mtoto hutoka akiwa koa kamili mwenye kutambaa. Hafiki mbali. Zama za barafu zilipofunika sehemu kubwa ya sakafu ya pwani ya Antaktika, inadhaniwa koa waliosalia walijificha kwenye vimifuko vilivyotengana, kila kundi likaenda njia yake. Sababu nyingine iliyopendekezwa mwaka 2013 ni maadui. Koa huyu hujitengenezea sumu za kumfukuza kiti cha pweza na wengineo, na Wilson na wenzake waliona kwamba mchanganyiko wa kemikali hizo hutofautiana kwa kufuata koo za vinasaba. Kumbe tofauti zilikuwepo, ila ziko kwenye kemia, ambako jicho letu halifiki.

Hata hivyo 59 si hesabu ya mwisho. COI hurithiwa kwa mama peke yake, na makundi yaliyotengana kwa muda yanaweza kuonekana ya mbali kwenye jeni hiyo huku bado yanazaliana. Ndiyo maana watafiti makini huongeza jeni za kiini cha seli, kemia na mahali koa alipookotwa. Koo mbili zikikutwa mahali pamoja na zisichanganyike, hapo ushahidi ni mzito. Zikiwa mbalimbali, mjadala unaendelea.

Kutambua kwenyewe, hata kwa mnyama asiye fiche hata kidogo, huchukua muda. Februari 2000, kwenye maji baridi ya kina cha mita 2,614 karibu na California, roboti ya utafiti ilikutana na koa anayeogelea, mwenye kofia kubwa ya kunasia mawindo na mkia wa vidole vinavyong'aa. Hafanani na yeyote. Alionekana zaidi ya mara 150, na bado jina lake, Bathydevius caudactylus, lilitoka mwaka 2024.

Kwa koa wa Doris kazi iliyobaki ni ya majina. Sheria ni kwamba jina la zamani hufuata kielelezo cha kwanza, kwa hiyo kerguelenensis litabaki kwa ukoo ule utakaothibitishwa kuwa ndio aliouona Bergh, wa visiwa vya Kerguelen. Baadhi ya majina yaliyokunjwa mwaka 1990 huenda yakafufuliwa. Koo nyingine zitakaa na namba zake mpaka mtu aketi na kila moja: apige picha koa akiwa hai, atoe radula, achore mirija, aweke kielelezo makumbusho.